Jina Ambalo Mama Deborah Hakulitaja

Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumanne, nilikuwa nakata vitunguu simu ilipolia. Sauti ya mwanamke ikaniambia bila salamu ndefu: "Mama Masika, muzee ametuacha." Sikuuliza muzee yupi. Kwa miaka yote hii ni Mama Deborah peke yake ambaye husema "muzee" bila kuongeza neno, nami nikaelewa anamsema baba wa mume wake. Nilizima jiko nikaketi. Akanieleza kwamba alikwenda akiwa usingizini, kwamba hakuumwa muda mrefu, kwamba maziko ni Ijumaa kule Kibumba. Halafu akanyamaza kidogo, kama ilivyo kawaida yake, nami nikangoja, kwa maana kungoja huko yeye ndiye aliyenifundisha. "Kuko kazi moja niko nataka kukupatia," akasema. "Ile karatasi ya maisha yake, njo wewe utaisoma mbele ya batu." Kwetu, kabla ya mwili kutoka nyumbani, mtu husimama na kusoma maisha ya marehemu, tangu kuzaliwa hadi siku ya mwisho. Nikamwambia Deborah amesoma kunishinda mimi, na wadogo zake nao wanajua kusoma. "Banajua," akajibu. "Lakini wewe njo uliisoma ya kwanza." Nikamkubalia. Nilirudi kwenye vitunguu vyangu nikalia, na safari ile havikuwa vitunguu tu.

Nimefanya kazi ya kutafsiri tangu ujana wangu, na vijana wanaoanza huniuliza nilijifunza wapi Kiingereza. Huwajibu haraka kwamba nilijifunza Goma, mtaa wa Mapendo, nyumbani kwa Mwalimu Rukundo. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili niliipata katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga, ndani ya wiki moja ya mwaka ule ule, na sijawahi kuisimulia yote kwa sababu ndani yake sionekani vizuri. Habari za nilikotoka na walionilea nitaziacha kando. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kwamba nilishuka Goma kutoka Butembo na begi moja, na kwamba nilikuwa na kiburi cha mtu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani. Mji ulikuwa bado na makovu ya volkeno. Nyumba mpya za mbao zilikuwa zimejengwa juu ya mawe meusi, na viatu vya shule vilikuwa havimalizi muhula.

Nilipanga chumba ndani ya ua wa Mwalimu Rukundo. Nyumba yake ilikuwa ya mbao pia, na sakafu ilifuata jinsi lava ilivyopenda, hata mguu mmoja wa meza ulikalia jiwe bapa ili chai isimwagike. Sebule ndiyo ilikuwa darasa. Saa tisa alasiri tulibanana watu kumi na wawili kwenye mabenchi mawili, na ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati la zamani uliopakwa rangi nyeusi. Nyuma ya pazia la maua ndiko kulikuwa na jiko, na jikoni alikuwa Chantal, mke wa mtoto wa kiume wa Mwalimu. Mke wa Mwalimu mwenyewe alikuwa amefariki zamani, na mume wa Chantal aliendesha lori la Beni, kwa hiyo mara nyingi nyumba ilikuwa ya watu wawili: muzee aliyeongea sana na mwanamke asiyeongea kabisa. Chantal alipika sombe, yaani kisamvu, na dagaa wa sambaza kiasi kwamba harufu ilipopita chini ya pazia tulikosea hata vitenzi tulivyovijua. Mwalimu alipoingia kutoka nje, Chantal alisimama, hata kama alikuwa na bakuli mapajani. Mimi nilimwona ni mtu wa haya tu, tena mjinga kidogo. Naona aibu kuliandika hilo.

Mwalimu alijifunza Kiingereza akiwa kijana, katika kazi za Bunagana, mpakani na Uganda, kwa madereva na makarani, na alikifundisha kwa namna yake. Kila siku aliandika maneno mawili yanayofanana mlio, akayaita mapacha. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, alisema, tunaingia katika Kiingereza kama watu wanaoingia nyumba ya jirani gizani: tunadhani kila kiti kipo mahali kilipo kwetu. Siku moja ya mwanzo wa mvua aliandika "reluctant", na chini yake "reticent". Mimi nikainua mkono haraka nikasema yote mawili ni mtu asiyetaka, maana Kifaransa chetu kinalo la pili na ndivyo tunavyolitumia. Akacheka kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimekalia kiti kisichokuwepo. Akamwambia Baraka, kijana aliyeuza vocha za simu na ambaye hakuacha mzaha, afute ubao. Baraka akajinyoosha. "Mwalimu, leo mukono inaniuma. Kesho nitafuta vizuri sana." Mwalimu akamnyooshea kidole. "Muone! Huyu njo reluctant. Anajua chenye anataka: hataki." Darasa likaangua kicheko. Halafu Mwalimu akashusha sauti, akatupa jicho upande wa pazia. "Reticent yeye ni mutu mwingine. Anaweza kuwa na maneno mingi kupita sisi wote hapa. Anaweza kutaka kitu kukupita weye mwenye unakiomba kwa kelele. Tu, hayatoki kinywani."

Baraka, ambaye mzaha wake mara nyingine ulikuwa na akili, akauliza: "Sasa, Mwalimu, kama bote wawili bananyamaza, nitajua namna gani mwenye hataki na mwenye hasemi?" Mwalimu akaweka chaki. "Unakaa naye." "Mpaka wakati gani?" "Mpaka ujue." Nilikata tamaa kabisa na jibu hilo. Nilitaka kanuni ya kuandika daftarini, kitu cha kumshinda mwenzangu katika mtihani, na yeye alikuwa ananiambia nikae na watu. Niliandika maneno yale mawili, nikapiga mstari chini ya kila moja, nikayakariri maana zake hadi nikaweza kuzisema bila kufikiri. Chantal akatoka nyuma ya pazia na sinia ya vikombe vya chai, akatuhesabu kwa macho, akarudi.

Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nimepata kazi. Kulikuwa na ofisi ya wageni iliyotafuta watu waliopoteana njiani wakati wa kukimbia vita, na walihitaji mtu wa kuuliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Walinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Mkubwa wetu alikuwa mwanamke wa Ulaya aliyekuwa na nywele fupi na sweta moja, tuliyemwita Madame. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuchoka, na alisoma kila karatasi hadi mwisho. Siku niliyopewa kadi ya kazi, Mwalimu alinunua kuku. Alinitambulisha upya kwa darasa zima kana kwamba hawakunijua, na mimi nikakaa mkao wa mtu anayetambulishwa.

Ndipo watu wa Kibumba na Rutshuru waliposhuka kwa wingi, na Mugunga ikajaa. Tulifika huko asubuhi kwa jipu, tukaweka meza ya kukunja juu ya mawe, na watu wakapanga mstari. Kila mtu aliulizwa mambo yale yale: unamtafuta nani, jina lake, umri wake, mlipoteana wapi. Niliipenda kazi ile, na nilipenda pia wepesi wangu ndani yake. Nilisikia mama mmoja mstarini akimnong'oneza mwenzake: "Iyi mutoto ya Butembo anauliza mbio mbio kama polisi." Nikatabasamu. Nilidhani ananisifu.

Jumatatu moja alifika mbele yangu mwanamke wa umri wangu, mtoto mgongoni, kikwembe cha kitenge cha kijani kimefungwa vizuri ingawa alikuwa amelala wiki nzima chini ya plastiki. Mtoto aliitwa Deborah, kwa hiyo yeye alikuwa Mama Deborah. Alieleza kwa utulivu. Mume wake, Innocent, alikuwa amekwenda kutafuta kazi upande wa Walikale na simu yake haikupatikana tena. Yeye alikimbia na mtoto na baba wa mume wake, mkulima wa viazi, mzee wa kutembea na fimbo. Karibu na Kibumba, magari na watu walipochanganyikana, mzee aliinuliwa na kupakiwa kwenye lori lililokuwa linabeba wagonjwa, na lori likaondoka kabla yeye hajafika. Niliandika yote hayo bila kuinua kichwa. Kisha nikauliza: "Jina ya muzee?"

Akanyamaza. Nikauliza tena. Akasema: "Andika baba ya bwana yangu." Nikamwambia akina baba wa mabwana ni wengi, ninataka jina. Akaangalia chini, akavuta ncha ya kikwembe akaipitisha mdomoni. Nyuma yake watu walikuwa wanasogea, jua lilikuwa limeanza kuchoma mawe. Jina la mumewe halikunisaidia, kwa sababu kwao mtoto hupewa jina lake mwenyewe na hambebi baba yake kwa jina. Nikawageukia waliokuwa mstarini nikauliza kama kuna amjuaye mzee huyo, lakini walikuwa wametoka vilima vingine. Nikauliza mara ya tatu, na sauti yangu, nakumbuka vizuri, haikuwa sauti ya kumuuliza mtu aliyepoteza mzee wake. "Mama, unataka tumutafute ao hautaki?" Aliinua macho akaniangalia. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Nikashika kalamu nikaandika kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyu ni "reluctant" kutoa habari za baba mkwe wake. Nilifurahi nilivyoliandika neno lile bila kusita. Nikasema: "Anayefuata."

Jioni ofisini Madame alisoma karatasi ile hadi mwisho, kama kawaida yake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. "Basi hataki tumtafute," akasema kwa Kifaransa chake cha polepole. "Watu wengine wana sababu zao nyumbani, na si kazi yetu kuzichimba. Tuheshimu." Akaiweka karatasi katika jalada la buluu, lile la mambo yaliyofungwa. Sina la kumlaumu. Alikuwa anamheshimu mwanamke niliyemwelezea mimi, na mwanamke huyo hakuwepo. Kwenye ubao ukutani kulikuwa na tangazo kwamba Ijumaa wazee waliookotwa njiani, ambao hakuna mtu anayewatafuta, wangeondoka kwenye ukumbi wa parokia walikokuwa wamelazwa, wapandishwe boti kwenda Bukavu, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nililisoma tangazo hilo kila siku nikipita. Halikunigusa.

Jumanne nilimwonyesha Mwalimu sentensi yangu, niliyoinakili kwenye daftari, kwa sababu nilitaka anisifu. Alivaa miwani. Akasifu sarufi. Akakaa na daftari kwa muda, kidole juu ya lile neno moja. "Ulikaa naye?" Nikamweleza kuhusu mstari, na jua, na watu wengine themanini. Alirudisha daftari bila kusema neno lingine, na kwa mtu aliyeongea sana kama yeye, hiyo ilitosha kuniudhi. Nilikwenda chumbani kwangu nikimwona amezeeka.

Kesho yake, Jumatano, hapakuwa na darasa. Mwalimu alikuwa amekwenda kanisani kwa mkutano, na mimi nilirudi mapema kutoka kazini, nikaketi kwenye kizingiti cha chumba changu nikila mandazi. Chantal alikuwa anachambua maharage uani. Mtu wa chukudu akafika langoni amelisukuma gari lake la mbao kutoka Kibumba, magunia mawili ya makala, yaani mkaa, juu yake, akifuta jasho. Alikuwa ameagizwa alete gunia moja, ila alisahau ni ua upi. "Mama, muzee wa hapa anaitwa nani?" akauliza. Chantal akasimama. Akatazama barabarani kushoto na kulia. Akasema: "Ngoja kidogo," akatoka mbio na viatu vya plastiki, akaingia kwa jirani, akarudi amemshika mkono msichana mdogo wa huko. "Mwambie," akamwambia msichana. Mtoto akasema kwa sauti ya shuleni: "Mwalimu Rukundo!" Mtu wa chukudu akacheka, akashusha gunia. "Ah, uko muke wa mutoto wake. Dada yangu naye iko hivyo hivyo. Siku moja alikaa na njaa duka imefungwa, juu mwenye duka anaitwa sawa na mukwe wake, hakuweza kumwita!" Chantal naye akacheka, mkono mdomoni.

Mimi nilibaki na andazi mkononi. Nilikuwa nimekaa miezi minane ndani ya ua ule. Nilikuwa nimemsikia Chantal akisema "muzee", "baba yetu", "mwenye nyumba", mara mia, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini. Nikamwita. "Chantal, ile jina ya Mwalimu, hauwezi kuisema?" Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kama anaweza kuvua nguo sokoni. "Hapana! Ni mukwe wangu." "Hata kama ni mambo ya lazima?" Akaketi kando yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Akanieleza kwamba kwao mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe. Anamwita kwa njia nyingine, ama anatafuta mtu alitaje kwa ajili yake. Si sheria ya kuandikwa. Ni heshima, na mama yake alimfunza kabla hajatoka nyumbani. Kwetu Butembo heshima ya mkwe ipo pia, ila sikuwahi kuona mtu akikimbia kwa jirani kuazima mdomo wa mtoto. "Na kama hakuna mutu wa kuisema?" nikauliza. Chantal akafikiri. "Kama hakuna mutu," akasema, "basi ni taabu kubwa sana." Akarudi kwenye maharage yake.

Nililia pale kizingitini, bila kujificha. Nilimwona yule mwanamke na kikwembe chake mdomoni. Alikuwa amefika kwenye meza ya watu wanaotafuta, akiwa hana mume, hana jirani, na mtoto wake wa pekee alikuwa bado hajaota jino, na mimi, mtu pekee aliyekuwepo mbele yake, nilimwuliza kama anataka. Mwalimu aliporudi, Chantal akasimama. Nikamweleza yote. Hakunicheka. Alivuta kiti, akaweka daftari mezani. "Andika tena ile phrase," akasema. Nikaandika "reticent". Akaitikia kwa kichwa. "Sasa nenda uirekebishe kule pahali ina madhara. Hapa kwangu haisaidii mutu."

Sikutaka kwenda. Hilo lazima niliseme. Walinichukua kwa ajili ya Kiingereza changu, majaribio yangu yalikuwa yamebakiza wiki mbili, na nilipaswa kumwambia mkubwa wangu kwamba nilikuwa nimeandika jambo la uongo kwa Kiingereza safi. Njia nzima, toka Mapendo hadi ofisini, Alhamisi asubuhi, nilitunga visingizio vizuri. Nilipofika nikavisahau. Nilisema: "Madame, mwanamke wa jalada la buluu anataka. Mimi ndiye niliyesema hataki." Nikamweleza kuhusu Chantal na makala, nikaomba nikamsomee Mama Deborah majina ya wazee wa parokia. Alisikiliza, akavua miwani akajisugua macho. Akasema orodha ya wazee wa parokia haitoki ofisini. Ni siri za watu. Nikasema naielewa sheria hiyo. Nikasema kesho ni Ijumaa. Akatazama ukutani, akasimama, akavaa sweta yake. "Basi nitaibeba mimi," akasema. "Wewe utasoma."

Tulimkuta Mama Deborah nyuma ya hema lake akifua. Aliponiona uso wake ulijifunga, na alikuwa na haki. Nilipiga magoti kwenye yale mawe, nikamwamkia vizuri, kwa mara ya kwanza. "Mama Deborah, unisamehe. Sikujua ile jambo ya jina. Leo sitakuuliza kitu. Mimi njo nitasoma, weye unasikiliza tu. Usiseme hata neno moja." Alimtazama Madame, akanitazama mimi, akapangusa mikono, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mtoto mapajani. Nikaanza. Orodha ilikuwa kurasa tatu. Nilisoma jina moja, nikangoja, nikasoma la pili. Mbio mbio zangu zote ziliniisha. Ukurasa wa kwanza ukapita, alikuwa anatazama mbali kuelekea barabara ya Sake. Wa pili ukapita. Madame alikuwa amesimama amefumbata mikono, na mimi nilianza kuogopa karatasi ya tatu ilivyokuwa fupi. Deborah alikuwa amelala.

Katikati ya ukurasa ule wa tatu nikasoma jina moja, na Mama Deborah akasimama. Alisimama wima na mtoto wake mkononi, kichwa kimeinama kidogo, kama Chantal alivyosimama Mwalimu alipoingia mlangoni. Hakukuwa na mtu mwingine pale isipokuwa sisi watatu na nguo zilizolowa. Nilirudia jina lile kwa sauti ya chini ili niwe na hakika. Aliendelea kusimama, na machozi yakamtoka. Madame, ambaye hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya kusimama, akaandika alama kwenye karatasi.

Siku ya Ijumaa tulifika parokiani kabla ya boti. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho ukumbini, kofia kichwani, fimbo magotini, vitu vyake ndani ya mfuko wa unga. Alikuwa ameshafunga kamba za viatu kwa ajili ya safari asiyoijua. Alipomwona mtoto kwanza, kisha mama yake, aliishusha kofia hadi machoni, maana alikuwa mzee wa Kibumba na hakutaka kulia mbele ya wageni. "Mama Deborah," akasema, "mumenikawilia. Hapa banapika muchele kila siku, kiazi hakuna." Mama Deborah alipiga magoti kumpokea mfuko. Nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta. Niliposikia boti ikipiga honi bandarini, nilihesabu kupitia mlango wote waliokuwa wangali kwenye mabenchi na wasiokuwa na mtu, na nikajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa na mtu aliyenyamaza mahali fulani mbele ya meza ya mtu kama mimi. Bado najiuliza.

Madame hakunifukuza kazi. Sikuwahi tena kuwa mwepesi, na mwanzoni alinilalamikia kwamba ninamaliza watu wachache kwa siku. Mwalimu Rukundo alifariki miaka mingi iliyopita, na kwenye kilio chake Chantal alihudumia watu siku tatu bila kulitaja jina lake, na safari hiyo nilikuwa kando yake kulitaja kila lilipohitajika. Innocent alirudi kutoka Walikale mwaka uliofuata. Walipata watoto wengine watatu. Mzee alilima viazi tena, akakimbia tena mara mbili, akarudi tena, na kila Krismasi nililetewa gunia dogo lililoandikwa "Masika" kwa mkaa.

Ijumaa ile ya maziko nilipanda gari hadi Kibumba. Kulikuwa na ukungu, na akina mama walikuwa wamewasha moto nyuma ya nyumba, sufuria kubwa za viazi na kabichi. Deborah, ambaye sasa anasomea uuguzi na ana urefu wa baba yake, alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, mistari imenyooka. Jina la babu yake lilikuwa juu kabisa, peke yake. Hapa sitaliandika. Mama yake hasomi sana, na najua Deborah atamsomea ukurasa huu kwa sauti, jioni moja, jikoni. Sitaki alikute ghafla akiwa na bakuli mapajani.

Nilisimama mbele ya jeneza. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi, wajukuu mbele, majirani nyuma, na Mama Deborah kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, nywele zimeanza mvi chini ya kitambaa. Nilisoma jina. Kwenye mkeka ule wote, mtu mmoja akasimama. Wengine walidhani anakwenda kutazama sufuria. Mimi nilishusha karatasi nikangoja, na alipoketi, ndipo nikaendelea na mstari wa pili.